Karl Paul Link: Mwanakemia aliyetoa dawa ya damu kwenye majani yaliyooza

Tarehe 31 Januari mwaka 1901, katika mji mdogo wa La Porte, jimbo la Indiana nchini Marekani, alizaliwa Karl Paul Link, mwanakemia mashuhuri ambaye matunda ya kazi yake yamo leo katika makabati ya dawa ya nyumba nyingi za hapa Muscat. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye asili ya Kijerumani, na nyumba yao ilikuwa na watoto kumi.

Tumeona ni vyema tumwandike Link kutokana na jambo ambalo tumekuwa tukilisikia mara kwa mara katika baraza za Wazinjibari wa hapa Muscat. Mtu akisema kwamba daktari amempa dawa ya kuyeyusha damu, hakosi mwenzake wa kumwambia kuwa dawa ile ni sumu ya panya. Na mtu akisema kwamba amepangiwa kwenda kuchomwa moyo kwa mrija, yaani ile tiba ya ablesheni inayotuliza moyo unaodunda ovyo, hakosi wa kumnasihi aache vidonge vyake wiki nzima kabla ya siku hiyo, asije akatokwa na damu isiyozuilika. Maneno ya kwanza yana ukweli ndani yake, ukweli ambao ni kisa kirefu. Maneno ya pili yanaweza kumpooza mtu upande mmoja wa mwili. Yote mawili yanaeleweka vizuri zaidi tukiyafuata maisha ya bwana huyu.

Link alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin katika mji wa Madison mwaka 1918, akasomea kemia ya kilimo, na kufikia mwaka 1925 alikuwa amepata shahada ya udaktari. Kisha alipata msaada wa masomo na kuvuka bahari hadi Ulaya. Alianzia Scotland, akaenda Graz nchini Austria kwa Fritz Pregl, bingwa wa kupima vitu kwa viwango vidogo mno, na baadaye Zürich nchini Uswisi kwa Paul Karrer. Huko Uswisi alipatwa na kifua kikuu, ikabidi apelekwe Davos, mji wa milimani uliokuwa ukisifika kwa hewa yake, apumzike mpaka apone. Maradhi hayo yalimrudia baadaye, na msomaji ataona kwamba mara ya pili yalizaa jambo.

Wanaomkumbuka wanasema kuwa alirudi Madison mwaka 1927 akiwa mtu wa vituko vya mavazi: tai kubwa za kipepeo, mashati ya flaneli, na mara nyingine joho begani. Alikuwa mwalimu mkali, msemaji hodari, na mtu wa siasa za mrengo wa kushoto ambaye hakuogopa kusimama upande wa wanafunzi. Mwaka 1930 alimwoa Elizabeth Feldman, wakajaaliwa watoto watatu wa kiume.

Sasa tuje kwenye ng'ombe. Miaka ya 1920, wafugaji wa Canada na wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani walikumbwa na balaa. Ng'ombe waliokuwa wazima walianza kutokwa na damu na kufa, wengine baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa tu, kazi ndogo ambayo kwa kawaida haiui mnyama. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Ontario aligundua kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoharibika kwa ukungu. Mwenzake wa North Dakota, Lee Roderick, akaonyesha baadaye kwamba damu ya wanyama hao ilikuwa imepungukiwa na kitu kinachoiwezesha kuganda. Dawa waliyoijua ilikuwa ni kuacha kuwalisha majani yale na kuwaongezea damu ya ng'ombe mzima. Lakini kulikuwa na umasikini. Mvua zilinyesha nyingi, majani yakalowa na kuoza, na mfugaji hakuwa na fedha za kununua mengine, hivyo alikuwa akilisha ng'ombe wake sumu huku akijua.

Siku moja ya Jumamosi mwezi Februari mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mfugaji mmoja aitwaye Ed Carlson wa Deer Park aliendesha gari lake karibu kilomita 300 hadi Madison. Alibeba mtamba aliyekufa, kopo kubwa la maziwa lililojaa damu isiyotaka kuganda, na karibu kilo 45 za majani ya klova yaliyooza. Alikuwa akimtafuta daktari wa mifugo wa serikali, lakini ofisi ilikuwa imefungwa. Katika kuhangaika akaona mlango ulio wazi, nao ulikuwa wa jengo la kemia alimokuwa akifanya kazi Link.

Link hakuwa na la kumsaidia. Alimwambia yale yale aliyokwisha kuambiwa: asiwalishe majani yale, na kama anaweza awaongezee damu. Carlson akarudi kwao katika theluji ile ile akiwa mikono mitupu. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Msaidizi wa Link, kijana wa Kijerumani aitwaye Eugen Schoeffel, alishindwa kutulia. Alikuwa akichovya mikono katika damu ile, akizunguka chumbani na kulalamika kwamba haiwezekani mtu mwenye shida vile arudishwe bila ya kitu. Mabwana wale wawili wakaianza kazi mchana ule ule, wakakesha nayo.

Iliwachukua zaidi ya miaka sita. Walihitaji kwanza njia ya kupima nguvu ya sumu, wakaitafuta kwa kutumia sungura. Kisha walilazimika kukitenga kitu kimoja kidogo sana kutoka katika majani mengi. Alfajiri moja ya mwisho wa mwezi Juni mwaka 1939, mwanafunzi wa Link aitwaye Harold Campbell, baada ya kufanya kazi usiku kucha, aliona chini ya darubini chembe safi za kile walichokuwa wakikitafuta. Wenzake, Mark Stahmann na Charles Huebner, wakaendelea mpaka wakakijua kilivyoundwa, na mwaka 1940 wakaweza kukitengeneza wenyewe bila ya majani. Kikaitwa dikumaroli.

Maelezo yake ni haya. Klova tamu ina kitu kiitwacho kumarini, na ndicho kinachoyapa majani yaliyokatwa harufu nzuri. Kumarini peke yake haizuii damu kuganda. Majani yakilowa na kushikwa na ukungu, vijidudu vya ukungu huigeuza ikawa dikumaroli. Ng'ombe akila, dikumaroli huingilia kazi ya vitamini K katika ini, vitamini ambayo mwili hauwezi kutengeneza viungo vya kugandisha damu bila yake. Vitamini hiyo ilikuwa imegunduliwa miaka michache tu kabla na Henrik Dam wa Denmark, ambaye pamoja na Edward Doisy wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Watu wa Link waliona mapema kwamba mnyama aliyezidiwa na dikumaroli akipewa vitamini K, damu yake huanza tena kuganda. Yaani waliigundua sumu na dawa ya kuiondoa karibu kwa wakati mmoja, bahati ambayo si ya kawaida katika ulimwengu wa sumu.

Miaka ya 1940 madaktari wa Wisconsin na wa Mayo Clinic wakaanza kuwapa dikumaroli wagonjwa wenye mabonge ya damu. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa nzito kuanza na nzito kuondoka mwilini, na madaktari wengi waliiogopa.

Mwaka 1945 Link alinyeshewa na mvua katika safari ya mtumbwi, akaugua kifua, akarudi tena katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu na kulazwa miezi kadhaa. Mtu wa aina yake hakuweza kulala tu. Aliomba vitabu, na alichokisoma kitandani kilikuwa ni historia ya vita baina ya binadamu na panya. Akabaini kwamba sumu za zamani zilikuwa na kasoro moja: zinaua haraka. Panya mmoja akila na kuanguka pale pale, wenzake hawagusi tena chambo. Panahitajika sumu ya pole pole, ambayo panya ataila siku kadhaa bila ya kushuku. Katika kabati la maabara yake kulikuwa na safu ya ndugu wa dikumaroli waliotengenezwa na wanafunzi wake na kupewa namba. Ya 42 ndiyo iliyofaa. Ilipewa jina la warfarini, herufi za mwanzo zikitokana na jina la taasisi ya wahitimu wa Wisconsin iliyogharamia utafiti, yaani WARF, na mwaka 1948 ikaingia sokoni kuwa sumu ya panya.

Kwa hiyo wazee wa barazani hawakosei. Ila hawamalizi hadithi. Mwaka 1951 askari mmoja kijana wa Marekani alitaka kujiua kwa sumu hiyo. Hospitalini aliongezewa damu na kupewa vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakajiuliza: ikiwa kitu hiki kina nguvu kuliko dikumaroli, na mtu aliyezidiwa nacho anaweza kurudishwa namna hii, kwa nini kisipimwe kwa wagonjwa? Kikapimwa, na mwaka 1954 kikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Septemba, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alishikwa na mshtuko wa moyo akiwa Denver, na miongoni mwa dawa alizotibiwa nazo ilikuwamo warfarini. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kuikataa kwa sababu tu ya panya. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni kiasi na kipimo, kama ilivyo kwa chumvi ya chakula, isipokuwa hapa nafasi ya kukosea ni finyu zaidi.

Link alipata Tuzo ya Lasker, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za utabibu Marekani, mwaka 1955 na tena mwaka 1960. Alistaafu mwaka 1971, na tarehe 21 Novemba mwaka 1978 akafariki dunia kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Mwaka huo huo, katika chuo kile kile cha Wisconsin, John Suttie na wenzake walieleza jinsi warfarini inavyouzuia mwili usiitumie tena na tena vitamini K yake.

Alipofariki, tiba ya kuchoma moyo unaodunda ovyo kwa namna tunayoijua leo ilikuwa haijazaliwa. Ilibidi kungojea mpaka mwaka 1998, pale Michel Haïssaguerre na wenzake wa mji wa Bordeaux nchini Ufaransa walipoonyesha kwamba cheche nyingi zinazouvuruga moyo hutoka katika mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa kwenye kinena, ukapandishwa hadi moyoni, ukatobolewa ukuta mdogo kuingia chumba cha juu cha kushoto, na mizunguko ya mishipa ile ikachomwa kwa joto au kwa baridi kali. Siku hizi zipo pia hospitali zinazotumia mapigo mafupi ya umeme.

Hapa ndipo majani yaliyooza ya bwana Carlson yanapokutana na mgonjwa wa Muscat. Moyo unaodunda ovyo haukamui damu sawasawa. Vyumba vya juu hutetemeka tu, na damu hutuama hasa katika kifuko kidogo kilichopo upande wa kushoto, mfano wa maji katika dimbwi. Damu iliyotuama hufanya bonge. Bonge likichomoka na kwenda kwenye ubongo, mtu hupatwa na kiharusi, na hatari ya kiharusi kwa watu wenye moyo wa namna hii ni kiasi cha mara tano kuliko wenzao. Sasa chukua moyo huo, uingize mirija ndani yake na uuchome. Sehemu iliyochomwa ni kidonda, na kazi ya damu ikiona kidonda ni kuganda. Kwa maneno mengine, siku ambayo mgonjwa anaogopa zaidi kutokwa na damu ndiyo siku ambayo damu yake ina sababu nyingi zaidi za kuganda.

Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakiwaachisha wagonjwa warfarini siku chache kabla, na kuwachoma sindano za heparini badala yake. Ndiyo maana ushauri wa baraza si wa kuzua. Ulikuwa ukitolewa hospitalini, na waliotibiwa wakati ule bado wapo na wanausimulia. Lakini mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 1,584. Nusu waliachishwa warfarini kabla ya kuchomwa na kuwekewa sindano, nusu waliendelea nayo bila ya kukatiza. Katika kundi la walioachishwa, watu 39 walipata kiharusi kikubwa au kidogo. Katika kundi la walioendelea, wawili. Na si kwamba walioendelea walilipa kwa kumwaga damu zaidi; matatizo madogo ya kutokwa na damu yalikuwa mengi zaidi kwa walioachishwa. Tangu hapo mwongozo wa madaktari wa moyo umegeuka, na kwa mgonjwa wa warfarini kawaida sasa ni kuendelea nayo hadi siku yenyewe, kipimo cha INR kikiwa baina ya 2 na 3.

INR, kwa asiyeijua, ni namba inayolinganisha muda wa damu yako kuganda na wa mtu asiyetumia dawa, ambaye namba yake ni karibu 1. Ikiwa chini ya 2, dawa haikulindi ipasavyo. Ikipanda sana juu ya 3, hatari ya kutokwa na damu inaongezeka.

Kwa kawaida daktari hutaka mgonjwa awe ametumia dawa ya kuzuia damu kuganda bila ya kukosa kwa muda usiopungua wiki tatu kabla ya kuchomwa, hasa kama moyo wake unadunda ovyo wakati wote. Wengi huangaliwa pia kwa kipimo kinachopitishwa kooni, ili kuhakikisha kwamba hakuna bonge lililojificha katika kile kifuko. Likionekana, kazi huahirishwa. Tunajua kwamba jambo hili huwaudhi watu, hasa aliyesafiri kutoka Salalah au Sur na kuomba ruhusa kazini, lakini kuingiza mrija penye bonge ni sawa na kulisukuma kwa mkono wako liende ubongoni. Wakati wa kuchomwa, mgonjwa huongezewa heparini katika mshipa. Na baada ya hapo vidonge huendelea kwa miezi miwili au mitatu kwa uchache, hata kama moyo umetulia kabisa. Wengine huambiwa waendelee maisha yao yote kwa sababu ya umri, kisukari, shinikizo la damu au kiharusi cha zamani. Kujisikia mzima si kipimo.

Heparini inahitaji neno moja. Sehemu kubwa ya heparini inayotumika duniani hutolewa kwenye matumbo ya nguruwe, na Waislamu wengi wa hapa wakilisikia hilo siku ya tiba hufadhaika wakiwa tayari wamelazwa. Ni bora kuuliza mapema. Wanavyuoni wengi wameiruhusu pale penye haja na pasipokuwa na badala, na mwenye kutaka utulivu wa moyo amuulize sheikh wake wiki kadhaa kabla, si mlangoni mwa chumba cha tiba.

Tangu mwaka 2010 zimekuja dawa mpya: dabigatran, kisha rivaroxaban, apixaban na edoxaban. Hizi hazihitaji INR wala hazigombani na mboga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu wanaokwenda kuchomwa moyo ulionyesha kuwa waliotumia dabigatran bila ya kukatiza walipata kutokwa kwingi na damu kwa asilimia 1.6, na wa warfarini asilimia 6.9. Lakini dawa hizi zina tabia ya kuondoka mwilini upesi. Mtu wa warfarini akisahau kidonge kimoja bado ana kinga kidogo kutokana na vya siku zilizopita. Wa apixaban akiruka vidonge viwili vitatu, amebaki wazi. Ikiwa umekosa vidonge katika wiki zile tatu, mwambie daktari kabla ya kuingia. Anaweza kubadilisha mpango, na hilo si jambo la kuonea haya. Kuhusu kidonge cha asubuhi ya siku yenyewe, hospitali zinatofautiana: nyingine hutaka kimezwe, nyingine hukiruka. Lifuate agizo la wale watakaokutibu.

Je, warfarini imepitwa na wakati? Hapana, na hasa kwa watu wa Afrika Mashariki. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo maumivu ya koo ya utotoni yaliachwa bila ya tiba, yakaleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Mwenye vali ya chuma, au mwenye vali ya mitrali iliyobana sana kutokana na maradhi hayo, warfarini ndiyo dawa yake. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye moyo unaodunda ovyo pamoja na vali zilizoharibiwa na maradhi hayo. Waliotumia dawa za jamii ya Link walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxaban. Kidonge cha zamani na cha bei ndogo kilishinda kipya na cha ghali, habari ambayo haisikiki kila siku.

Kwa hapa Oman, katika miaka ya 1950 wakati warfarini inaingia hospitalini Marekani, watu wa Muscat na Mutrah walikuwa wakitegemea hospitali za Misheni ya Kimarekani. Hospitali ya Royal ilifunguliwa mwaka 1987, na ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Siku hizi maradhi ya mapigo ya moyo yanatibiwa hapa hapa nchini, kikiwamo Kituo cha Taifa cha Moyo kilichopo Hospitali ya Royal, ingawa wapo bado wanaopenda kwenda India au Thailand. Anayekwenda nje asiache kuuliza ni nani atakayempima damu akisharudi.

Na chakula. Mwenye kutumia warfarini hukatazwa na jirani zake asile mchicha, kisamvu wala sukumawiki, kwa kuwa zina vitamini K kwa wingi. Si kweli kwamba ni haramu kwake. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili dawa ipimwe juu ya chakula chake. Tatizo huja pale mtu wa Muscat aliyezoea wali na nyama anapokwenda Unguja mwezi mzima, akapikiwa kisamvu kila siku na shangazi, INR ikashuka bila ya yeye kujua. Kinyume chake ni dawa za maumivu kama diklofenaki, brufeni na aspirini, ambazo humzidishia hatari ya kutokwa na damu, na baadhi ya dawa za bakteria na fangasi ambazo hupandisha INR kwa siku chache. Uwatu na kitunguu saumu vinavyoliwa kama dawa, kwa vijiko na si kama kiungo cha mchuzi, navyo vitajwe kwa daktari.

Mwezi wa Ramadhani hauna matatizo makubwa kwa wa warfarini, kwa kuwa ni kidonge cha mara moja ambacho kinaweza kumezwa jioni baada ya kufuturu. Rivaroxaban ya mara moja inatakiwa iliwe pamoja na chakula, hivyo futari inafaa. Apixaban na dabigatran ni za mara mbili, futari na daku, na hapo daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu katika siku ndefu za kiangazi saa zilizopo baina ya daku na futari ni nyingi kuliko zilizopo baina ya futari na daku.

Anayesafiri kwenda nyumbani Afrika na achukue daftari lake la INR na vidonge vyake katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Dar es Salaam anaweza kuipima INR katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Unguja aulizie hospitali mapema kabla ya kuondoka Muscat. Akianguka na kujigonga kichwa, akaona choo cheusi kama lami, au ulimi na uso ukapinda ghafla, aende hospitali saa ile ile, na neno la kwanza la kumwambia daktari liwe ni jina la dawa anayotumia.